Lipu ya Mwaka wa Korosho

Kijana aliyekuwa akitutembeza alisimama, akaupiga ukuta kwa kiganja mara mbili, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Sikilizeni," akasema. "Mnasikia mlio? Pamevimba. Lipu imeachana na ukuta."

Tulikuwa saba. Wawili ni rafiki zangu niliosoma nao chuo, wametoka Dodoma kuja kuiona bahari ya Kusini. Wanne ni wageni tuliounganishwa nao asubuhi ile. Wa saba mimi. Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, saa nne, Mikindani, maji yamekupwa na kina mama wameinama mbali kule kwenye tope wakiokota chaza.

Kijana akaeleza vizuri, sina la kumkosoa. Nyumba hii, alisema, imejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta wa namna hii unapumua: unyevu unapanda kutoka chini, unatokea usoni, upepo unaukausha. Mwenye nyumba akaja kuupiga lipu ya saruji. Maji hayana pa kutokea, na chumvi iliyomo ndani ya maji hayo inajikusanya nyuma ya lipu na kuulegeza ukuta kidogo kidogo. Nje pang'avu, ndani panaoza.

"Ndivyo watu wanavyoiua Mikindani bila kujua," akamalizia.

Wageni wakapiga picha. Rafiki yangu mmoja akasema neno juu ya rangi ya ukuta, kijani kibichi cha kuumiza macho, akacheka. Nami nikacheka.

Nyumba ile ni ya bibi yangu, mzaa mama.

Sikusema kitu.

Wiki tano

Nimejaribu kuandika makala hii mara nne. Mara ya kwanza iligeuka kuwa sifa za mji mkongwe. Mara ya pili ikawa lawama kwa yule kijana, nikaifuta yote, maana alichosema ni kweli. Kilichokuwa kinanisumbua hakikuwa maneno yake. Ni kicheko changu.

Naishi Chikongola, Mtwara mjini. Kutoka kwangu hadi Mikindani ni kama kilomita kumi, nauli ya daladala hainishindi, na bado zinapita wiki bila kwenda kumjulia hali bibi. Siku nilipokwenda, nilikwenda kama mtalii.

Nilitembezwa kwetu, nikalipa, na nikapita mlangoni bila kubisha hodi.

Nilichofundishwa njiani

Niseme haki, ile matembezi ilinifungua macho.

Tulianzia Boma. Nimeliona jengo lile tangu utoto, na kichwani mwangu lilikuwa jengo la wazungu tu. Wajerumani walilijenga mwaka 1895, likapita mikono na tawala, likachakaa, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la Trade Aid la Uingereza likalikarabati na kulifanya hoteli, na vijana wa hapa wakapata humo mafunzo na ajira. Kutoka juu unaiona ghuba yote imejikunja kama kiganja. Tukashuka, tukapita jengo linaloitwa Soko la Watumwa, tukapita nyumba yenye kibao cha Livingstone, ambaye mwaka 1866 alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara. Tukatazama roshani za mbao na milango ya nakshi iliyobaki. Mingine imebaki miimo tu, mlango wenyewe umeng'olewa zamani.

Lakini kilichonishika ni jambo dogo. Kijana alituingiza kwenye gofu moja lisilo na paa akatuonyesha matundu juu ya ukuta, yamepangana kama macho. Humo ndimo zilimokaa boriti za mikoko. Boriti nzuri ya mkoko, alisema, haivuki sana mita mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo fundi hakuuliza mwenye nyumba anataka chumba kipana kiasi gani. Mti ndio uliamua. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu.

Chumba cha bibi ni chembamba na kirefu. Nimelala humo likizo zote za shule ya msingi, miguu yangu ikigusa kabati, na miaka yote hiyo niliamini ni wembamba wa umaskini. Kumbe ulikuwa urefu wa mkoko.

Niliguswa kiasi kwamba nilitaka kumwambia rafiki yangu: chumba kama hiki nimekulia. Maneno yalifika kooni. Dakika kumi baadaye tulisimama mbele ya ukuta wa kijani.

Mji uliohamwa

Hadithi ya matembezi ilikuwa na shimo katikati. Nilikuja kuliona baadaye, nikiwa jikoni kwangu nakuna nazi.

Kijana alitueleza kwa nini Mikindani ilikwama, nayo ni habari ambayo kila mtu wa Mtwara anaijua nusunusu. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mradi wao wa karanga, na huku Kusini wakachagua Nachingwea. Karanga zilihitaji reli, reli ikahitaji bandari, na meli kubwa zilihitaji kina, kina ambacho kipo ghuba ya jirani, Mtwara. Ofisi zikahamia huko. Wenye maduka wakazifuata ofisi. Hata Lindi, iliyokuwa makao makuu ya jimbo, ikanyang'anywa ukubwa wake ukapewa mji mpya.

Mradi ukafa 1951. Bandari ikakamilika 1954, karanga iliyojengewa haipo. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo Mtwara tuna kata inayoitwa Reli na hapana chuma hata kimoja cha kukuonyesha.

Kutoka hapo kijana aliruka. Mji ukaachwa, ukalala, halafu likaja Boma jipya.

Ukalala?

Bibi aliolewa akaingia nyumba ile katika miaka hiyohiyo inayosemwa mji umelala. Amezaa humo watoto wanane, amezika wawili. Amekaanga samaki pale barazani na kuwauza kwa wapita njia wa barabara ya Lindi. Kila baada ya masika alikoroga chokaa kwenye debe akapaka ukuta wa mbele kwa mkono wake, kwa ufagio wa ukindu, mpaka mabega yakamkatalia. Nyumba zile hazikusimama nusu karne zenyewe. Matumbawe na udongo bila mtu wa kuziba nyufa kila mwaka ni kifusi baada ya misimu michache, na magofu yaliyo jirani ni ushahidi.

Kama mji ulilala, kuna waliokesha wakiulinda. Kwenye matembezi hawakuwamo. Mmoja wao alikuwamo ndani, hatua sita kutoka tuliposimama.

"Umekuja peke yako leo?"

Nilikwenda Jumapili, nimebeba sukari, majani ya chai na fungu la ming'oko niliyoinunua njiani. Bibi alikuwa uani anachambua mchele, ungo mapajani.

"Hodi. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu." Akaendelea kuchambua. "Umekuja peke yako leo?"

Ile *leo* ilinikaa kifuani. Nikauliza kwa nini anasema leo.

"Njukuu wangu, sauti yako naijua. Siku ile wapo wageni pale nje, nikakusikia unacheka. Nikasema, ah, kaja na wenzie. Akimaliza nao ataingia. Nikabandika chai."

Hakusema zaidi. Bibi si mtu wa kukoleza. Alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa, akapepeta.

Nilipiga magoti pale kwenye mkeka nikamwomba msamaha. Nilimweleza yote, pamoja na aibu niliyoiona kwa rafiki zangu na kule kuikana nyumba yake kwa kunyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia ninawe mikono nimsaidie mchele. Tukachambua wote wawili mpaka ukaisha.

Kama angenigombeza ningeandika makala hii wiki ya kwanza.

Mjomba na bisibisi

Mjomba alirudi jioni kutoka shamba, ana vumbi la Nanyamba mpaka kwenye kope, maana msimu wa korosho umeanza. Kwetu nyumba inakwenda upande wa mama, kwa hiyo ukuta ule ni mzigo wake yeye kabla ya kuwa wangu. Nilimweleza alichosema yule kijana. Niliogopa atakasirika.

Alikaa barazani, akavua viatu, akaanza na bei.

Mwaka 2017 korosho ilifika shilingi 4,000 kwa kilo mnadani. Mtu wa Kusini anaukumbuka mwaka ule kama wengine wanavyokumbuka mwaka wa ndoa. Watu walinunua pikipiki, walipeleka watoto shule, waliezeka. Saruji nayo ilikuwa imeanza kutengenezwa hapahapa Mtwara. Mjomba alikuwa amechoka na udongo kudondokea chakula cha mama yake. Amechoka na mchwa. Masika yaliyotangulia, kipande cha ukuta wa pembeni kilishuka usiku, karibu na kichwa cha kitanda.

"Nilifanya nini cha zaidi?" akaniuliza. "Pesa nilipopata, pikipiki sikununua. Nilimjengea mama ngao."

Nikanyamaza. Akaongeza: "Na 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, shule zimefungwa, tunaambiwa tuhame, wewe uko Dar unasoma. Nilimfungia mama milango nikamwambia lala, mama, ukuta una saruji. Akalala."

Kimbunga kile kiliingilia Msumbiji, tukanusurika. Lakini alilala, na mwanawe akakesha akiwa na amani. Amani ile iko ndani ya lipu ileile ninayoambiwa inaua nyumba, na sikujua niuweke wapi ukweli huu wa pili.

Mjomba ndiye aliyeinuka. Akaingia ndani, akatoka na bisibisi na tochi ya simu. Akachuchumaa kwenye kona ya upande wa bahari, palepale panapolia, akachomeka bisibisi ukingoni mwa ufa akainua.

Lipu ilitoka kipande kizima, pana kama sinia, ikabaki mkononi mwake. Upande wa ndani ulikuwa mweupe, umeota unga mwembamba kama jivu la sigara. Nyuma yake udongo ulikuwa mweusi, umelowa, tena mwishoni mwa kiangazi, wakati ardhi yote ya Mikindani imekauka mpaka inapasuka. Alipougusa ukamong'onyoka. Jiwe moja la tumbawe likajitokeza, lina maua ya duaraduara yaliyofumana, kama vile limetoka baharini jana. Mjomba akachovya kidole kwenye ule unga mweupe, akauweka ulimini.

"Chumvi."

Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Akatuongoza nyuma ya nyumba. Ukuta wa nyuma hauna lipu. Ilikuwa aumalizie 2018, lakini msimu ule bei mnadani iliporomoka, wakulima wakagoma kuuza, serikali ikatangaza itanunua kwa shilingi 3,300 na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Mjomba hakupata pesa ya saruji mwaka ule, wala uliofuata. Ukuta ukabaki na chokaa chakavu ya bibi, yenye mabaka, ya aibu, tunayoificha kwa kutundika mikeka.

Akauwekea kiganja. Nikaweka na changu.

Mkavu.

Tulikaa hivyo muda, mikono yetu ukutani, simu ikimulika chini. Mjomba alisema polepole, kama anajisemea mwenyewe, kwamba ule upande pesa ilipokwisha ndio upande uliopona.

Hukubisha hodi

Nilimtafuta yule kijana. Hakuwa mgumu kumpata, kwao ni Mitengo. Nilipomwambia nyumba ile ni ya nani alishika kichwa, akataka kuomba radhi kwa simu. Nikamwambia aje.

Alikuja amevaa shati la mikono mirefu, akamwamkia bibi akiwa ameinama, akamwamkia mjomba. Akaanza: mzee, yale maneno niliyosema pale nje…

"Hukusema uongo," mjomba akamkatiza. "Ila hukubisha hodi."

Kijana akakaa chini. Kisha, badala ya kujitetea, akamgeukia bibi akamuuliza swali ambalo mimi mjukuu sijawahi kumuuliza: zamani chokaa mliipataje?

Bibi akaweka ungo pembeni. Alikuwa msichana mdogo, alisema. Wanaume wanapanga magogo kwa duara, wanayapandisha kama kichuguu. Mawe ya matumbawe yanapangwa juu. Moto unawashwa katikati jioni, unawaka usiku kucha, na watoto hawaruhusiwi kusogea lakini wanasogea. Asubuhi mawe yamekuwa meupe, mepesi, ukiyamwagia maji yanalia na kutoa moshi. Halafu yanaachwa. Hapo alinyoosha kidole, akamtazama kijana kama anamuonya.

"Yanaachwa. Umande uyanyeshee, mvua iyanyeshee. Chokaa ya haraka inapasuka. Sisi tulisubiri mvua ipite nzima."

Kijana alikuwa anaandika kwenye simu. Mjomba naye, aliyekulia nyumba ile, alikuwa hajawahi kuyasikia yote. Niliona anavyosikiliza.

Mashaka niliyobaki nayo

Sitaki kuifanya hii hadithi tamu. Chokaa ya bibi ilikula magogo na matumbawe, na leo hatuwezi kukata mikoko wala kung'oa matumbawe ovyo, wala hatupaswi. Chokaa ya mfuko ipo dukani, lakini lipu ya chokaa inataka fundi mvumilivu, na mafundi wengi wa mjini ninaowajua wanapima mchanga na saruji tu. Kuibandua lipu yote kwa pupa kunaweza kuondoka na ukuta. Na pesa ya msimu huu ina majina yake tayari: ada, paa, hospitali.

Kuna hofu nyingine, nayo ndiyo kubwa kwangu. Nimeona Boma lilivyopendeza na nalifurahia. Lakini nyumba ya mtu si boma. Mji ukipendeza, wanakuja wanunuzi. Mjomba ameshaulizwa bei ya mlango. Sitaki nyumba ya bibi ikarabatiwe vizuri, iwekwe kibao, kisha bibi asiwemo. Sijui nyumba inayosifiwa na wageni inalindwaje isiwatoke wenyewe. Nimekaa na swali hilo usiku mwingi, na mpaka sasa jibu pekee ninaloliamini ni kuwa karibu. Kilomita kumi si safari.

Tumekubaliana jambo moja dogo. Kabla ya mvua za Desemba hatubandui kitu zaidi ya ile kona, ambayo mjomba ameikinga kwa bati. Amenunua mifuko mitatu ya chokaa. Tumechimba shimo chini ya mwarobaini uani, tumeiloweka na kuifunika kwa magunia, na bibi anaimwagia maji kila akikumbuka. Mwezi wa Juni, ardhi ikikauka, tutaanza na mita moja ya upande wa bahari. Tukiona imeshika, tutaongeza nyingine.

Kijana bado anatembeza wageni. Jumamosi iliyopita nilikuwa ndani, nimekaa chumba kile chembamba nakunja nguo, nikamsikia anakuja nao. Nikasikia viatu vinasimama mbele ya ukuta. Safari hii hakuupiga kiganja.

"Hodi hapa," akasema. "Hodi wenyewe."

"Karibuni," bibi akaitika kutoka uani. Kisha akauliza wako wangapi, ajue abandike birika lipi.